SOMO: Gololi za duara, kanuni kamili (soma kwanza, uliza baadaye)

Wakuu, kila likizo ikifika naulizwa yaleyale. Naandika mara moja, baada ya hapa nitakuwa naelekeza tu. Hizi ni kanuni za Marekani, za mashindano yao ya taifa yaliyoanza 1922, ambayo watoto huyachezea Wildwood, New Jersey. Za mtaani kwenu mnazijua wenyewe.

1. Tafuta udongo ulioshindiliwa, ufagie.

2. Chora duara la upana wa futi 10, kama mita 3. Kigingi katikati, kamba ya mita moja na nusu.

3. Panga gololi 13 katikati kwa umbo la msalaba, ziachane inchi 3.

4. Nani anaanza? Chora mstari unaogusa duara upande huu na mwingine upande wa pili. Kila mmoja arushe kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Gololi iliyokaribia zaidi inaanza.

5. Kupiga. Hapa ndipo ugomvi wote huzaliwa, basi soma taratibu. Gololi ya kupigia ikae kati ya kidole cha shahada na kifundo cha dole gumba. Kidole cha kati kizuie dole gumba, kisha kiliachie. Angalau kifundo kimoja cha mkono kiwe chini mpaka gololi itoke. Ukiinua mkono, umeiba. Ukiusukuma mbele huku unafyatua, umeiba pia, na huu ndio wizi wa kawaida kwa sababu mwenyewe hausikii. Mwamuzi aangalie mkono, asiangalie gololi.

6. Ukitoa gololi nje na ya kupigia ikabaki ndani, piga tena kutoka iliposimama. Ikitoka nayo, chukua ulichotoa, zamu imeisha. Ukikosa, okota ya kwako, mwenzio apige.

7. Mkiwa wawili, wa kwanza kufikisha 7 ameshinda. Kila mtu anarudishiwa zake. Hakuna kula.

Swali: Duara linakuwa na ukubwa gani mkuu?
Jibu: Namba 2.

Swali: Huku kwetu tunacheza shimo, kwa hiyo somo lako lina kasoro.
Jibu: Kichwa cha somo kinasema duara. Andika la shimo, nitalisoma.

Swali: Naruhusiwa kupigia goroli ya beringi?
Jibu: Hapana. Chuma ni marufuku, kinapasua za kioo.

Swali: Wanaopiga mfululizo wanafanyaje gololi ya kupigia isitoke?
Jibu: Swali zuri. Wanaizungusha kinyumenyume wakati wa kufyatua. Ikigonga, inasimama palepale au inarudi kidogo. Zoezea gololi moja kwa karibu, nguvu utaongeza baadaye.

Swali: Kabla ya kioo watu walichezea nini?
Jibu: Udongo wa kuchoma, mawe, na watoto wa Roma ya kale walitumia jozi (kokwa za walnut). Za kioo zilishika kasi pale mafundi wa Lauscha, Ujerumani, walipopata mkasi wa kukatia gololi mwaka 1846. Mashine ikaja baadaye: Martin Christensen wa Akron, Ohio, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya mashine yake mwaka 1905.

Swali: Sisi Pwani tulitumia komwe za bao. Zinafaa?
Jibu: Kwenye zile 13, vizuri kabisa. Ya kupigia usithubutu, komwe si mviringo kamili, inakwenda mrama. Chagua zilizolingana, zenye ganda lisilo na ufa.