Diski ya mtandao inaandika upesi, kusoma inajikokota: anzia hapa

Mimi ni fundi wa studio ya video za harusi, Mlandege, Unguja. Storeji yetu ina diski nne za 7200 rpm (mizunguko kwa dakika) kwenye RAID 5, yaani zimeunganishwa kundi moja linalostahimili diski moja kufa. Inatoa diski moja kwa iSCSI (njia ya kupitisha diski kwenye mtandao), seva ya Linux inaichukua, kisha inawagawia wahariri kwa Samba, programu ya kugawana faili. Inaichukua seva moja tu: ext4 (mfumo wa faili wa Linux) moja ukiifungua kutoka mashine mbili kwa pamoja, utaivuruga. Ramadhani hakuna harusi, Mfungo Mosi zinakuja zote kwa mkupuo, na hapo ndipo utasikia: “Kupakia kunakwenda, lakini nikicheza video inakatakata.” Mwenye duka atakwambia ununue SSD. Mwache kwanza.

Kuandika kunadanganya. Linux hupokea data kwenye RAM, hujibu kwamba kazi imekwisha, ndipo huipeleka storeji taratibu. Kusoma hakuna ujanja huo. Programu ikiomba kitu, haina budi kungoja kitoke kwenye diski, kipite swichi, kifike. Kila kuchelewa njiani kunaonekana hapo. Ila faili uliyoisoma punde hivi itatoka RAM na utadhani umepona, kwa hiyo kabla ya kupima chochote safisha kache (nakala zilizobaki RAM), kwenye seva na kwenye storeji:

`sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`

Halafu pima kwenye seva kwa `fio`, programu ya kupima diski. `/dev/sdb` hapa ni ile diski ya iSCSI, weka jina la yako:

`fio --name=soma --filename=/dev/sdb --readonly --rw=read --bs=1M --iodepth=16 --ioengine=libaio --direct=1 --runtime=60 --time_based`

Hilo `--readonly` usilisahau, humo mna harusi za watu. Rudia kwa `--bs=128k --iodepth=1`, yaani vipande vidogo, ombi moja moja. Majibu haya mawili ndiyo yatakayokuonesha njia. Kwenye mtandao wa gigabiti 1, kiwango cha juu ni megabaiti 125 kwa sekunde, na ukipata 110 na kitu shukuru. Kipimo cha kwanza kikifika huko na cha pili kikaanguka, kebo na diski hazina kosa. Tatizo ni kungoja, ruka moja kwa moja hadi kwenye kusoma mbele. Vyote viwili vikiwa chini, shuka kwenye waya.

Data ya kusoma hutoka storeji kuja kwako, basi pima mwelekeo huo huo. Washa `iperf3 -s`, kipimo cha kasi ya mtandao, kwenye storeji, na kwenye seva andika `iperf3 -c 10.0.0.5 -R`, ukiweka anwani ya storeji yako. Bila `-R` utapima upande usiokuuma. Gigabiti nzima huonesha kama megabiti 940 kwa sekunde. Ukiona 94, tazama `ethtool enp3s0` (`enp3s0` ni jina la kadi ya mtandao, weka la yako). Kasi itakuwa imeshuka hadi 100. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya, 100 inatosheka na mbili, na kadi nyingi hushuka zenyewe kimya kimya uzi mmoja ukikosa kugusa. Huku kwetu hewa ya bahari inakula vichwa vya kebo. Tena nyumba za Mji Mkongwe kuta zake ni nene, za mawe na chokaa, mafundi huona tabu kutoboa, wakapitisha kebo nje juani. Kwaruza uzi kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Ing'oe yote, usihangaike kubadilisha vichwa.

Kama kasi ni kamili lakini bado kusoma kunayumba, endesha `nstat -az TcpRetransSegs` kwenye storeji, maana mtumaji ndiye anayerudia pakiti zilizopotea. Namba ikipanda kila unaposoma, kuna mahali zinadondoka. Mara nyingi ni swichi ndogo yenye storeji ya gigabiti 10 upande mmoja na seva ya gigabiti 1 upande wa pili.

Umeme ulikatika karibuni? Kwenye storeji tazama `cat /proc/mdstat`. RAID iliyozimika ghafla hujikagua upya nyuma ya pazia, na wasomaji wanagombea diski na ukaguzi huo. Ukiona `[UU_U]`, diski moja imetoka, na kila kipande chake kinakokotolewa upya kutoka kwa zilizobaki. Kisha fungua `iostat -x 1` hapo hapo kwenye storeji. Diski moja ikiwa na `r_await` (muda ambao ombi la kusoma hungoja) kubwa mno kuliko wenzake, inakaribia kufa, na kundi zima linakwenda kwa mwendo wake. `smartctl -a` itakuonesha sekta zinazosubiri, yaani sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma.

Sasa kusoma mbele. Kuomba kipande kimoja, ukangoja, ukaomba kingine, ni kumtuma mtoto dukani mayai kumi, yai moja kila safari. Kila ombi la KB 128 likichukua milisekunde 2, kwa sekunde ni maombi 500, yaani megabaiti 64 tu, hata waya uwe mpana vipi. Maombi yakiwa ya KB 4, zitabaki 2. Linux huomba fungu la mbele kabla ya wewe kulihitaji, lakini fungu lenyewe kwa kawaida ni dogo: `blockdev --getra /dev/sdb` hutoa 256, yaani sekta za baiti 512, jumla KB 128. Jaribu:

`blockdev --setra 8192 /dev/sdb`

Hiyo ni MB 4. Kama juu yake kuna LVM (mgawanyo wa diski) au multipath (njia kadhaa za kufikia diski moja), weka kwenye kifaa cha juu kabisa, kile kilichobeba mfumo wa faili. Mashine ikizimwa inapotea, kwa hiyo iandike kwenye kanuni ya udev, inayopanga vifaa mashine inapowaka. Usiifanye kwenye diski ya hifadhidata inayosoma huku na huku. Utabeba mzigo usioutaka.

`r_await` ya seva ikiganda kwenye milisekunde 40 na ping haifiki 1, nashuku TCP inachelewesha kuthibitisha pakiti. Jaribu `ip route change 10.0.0.0/24 dev enp3s0 quickack 1`, kwa mtandao wako.

Fremu kubwa, pakiti za baiti 9000 badala ya 1500 za kawaida? Kwenye gigabiti 1 faida ni asilimia chache, na kifaa kimoja kikisahauliwa, maombi madogo yanapita, makubwa yanaganda. Mimi naacha 1500. Kuunganisha kebo mbili ziwe kama moja kwa LACP nako hakuharakishi kikao kimoja cha iSCSI, tumia multipath.

Wahariri wanne wakisoma harusi nne kwa wakati mmoja, hayo ni mambo mengine. Diski ya 7200 rpm inahitaji milisekunde 4.17 kwa nusu mzunguko, bado kichwa hakijasogea, kwa hiyo haifiki mbali na maombi mia moja kwa sekunde. Thibitisha kwa `fio` ile ile, ila `--rw=randread --bs=64k`, kusoma huku na huku. Namba zikiwa ndogo hapo, SSD ni halali, lakini iweke kwenye kompyuta ya mhariri, akopi harusi anayoishughulikia, airudishe akimaliza.