Somo: Kanuni ya uwindaji ikibadilika, uliza kwanza anapigwa nani

Ndugu zangu wa Sanga na Lyantonde hapa Uganda, na wa huko mbali mnakonifuata, wiki hii simu yangu haikulala. Kila anayepiga ana swali lilelile: kanuni za uwindaji zikibadilishwa, swala pala wetu watazidi au watapungua? Na kila mmoja anataka nimtajie namba. "Afande, watapigwa wangapi?"

Namba ije baadaye. Uliza kwanza anapigwa nani: dume au jike, mzee au anayekua. Nyinyi wafugaji mnalijua jambo hili zizini kuliko mimi niliyezeeka na bunduki ya serikali. Ukiuza mafahali kumi ukabaki na wawili, mwakani ndama watazaliwa kama kawaida. Ukiuza mitamba kumi, umeuza na ndama wao, na ndama wa ndama wao. Somo zima liko hapo, lakini twende hatua kwa hatua, maana porini hakuna wa kukufungia zizi.

Hatua ya kwanza: jua umesimama kwenye sheria ipi

Uganda ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1979, miaka ambayo bunduki zilikuwa nyingi kuliko wanyama. Sheria ya wanyamapori ya 1996 ikafungua mlango mdogo: haki za kutumia wanyamapori, zilizopangwa kwa madaraja. Daraja A ni kuwinda, B ni kufuga, C ni ranchi, na mengine yanafuata. Mwaka 2001 uwindaji wa kulipia ukajaribiwa tena, na mahali penyewe ni hapa kwetu, kwenye ranchi zinazopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo. Swala hasomi mpaka. Analala hifadhini, asubuhi anakula nyasi za ng'ombe wako, na wewe huoni hata senti. Wazo lilikuwa kwamba mwenye ranchi akipata chochote kutokana na swala mmoja, atawavumilia waliobaki.

Sasa tunatawaliwa na sheria ya 2019, na adhabu zake si mchezo: kwa wanyama walio hatarini kutoweka zinafika hadi shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha. Swala pala si tembo, sawa, lakini ukimpiga bila kibali ni kosa vilevile, hata kama amesimama kwenye shamba lako lenye hati. Ardhi ni yako. Mnyama si wako.

Hatua ya pili: hesabu kwa jinsia, usihesabu vichwa tu

Toka kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, kabla jua halijawasukuma vichakani. Shika njia ileile, mwendo uleule, siku tatu. Daftari liwe na safu nne: madume wenye himaya, yaani wanaolinda eneo lao, madume wa kundi la makapera, majike, wadogo. Kwa swala pala kazi ni rahisi kwa sababu jike hana pembe. Dume mwenye himaya utamwona na majike wake, anakoroma na kukimbizana na wapinzani. Makapera wanajikusanya pembeni kama vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria.

Usijumlishe siku tatu! Chukua wastani. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilijumlisha, nikapeleka ripoti yenye swala mara tatu ya waliopo. Mkubwa wangu alinitazama, akauliza kama nimewahesabu na vivuli vyao.

Hatua ya tatu: kaa chini na kalamu

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na ndiyo yenye nyama. Tuchukue mfano wa darasani, si takwimu za mahali popote: kundi la swala 240, majike 130, madume wakubwa 50, wadogo 60. Nusu ya wadogo ni madume, yaani 30. Chui, fisi na kiangazi wakichukua nusu yao, wanaofika ukubwani ni 15. Majike nao vivyo hivyo, 15.

Kanuni inasema: madume tu, 10 kwa mwaka. Madume 50, ongeza 15 wanaokua, toa 10 wa wawindaji, toa 6 wanaokufa wenyewe. Wanabaki 49. Hakuna aliyeumia. Sasa tazama upande wa majike: 130, ongeza 15, toa 10 waliokufa kwa kawaida. Wamekuwa 135, na wote hao watazaa. Bunduki imelia mwaka mzima na kundi limeongezeka.

Umeona? Kanuni ya "madume tu" haipunguzi kundi. Inapunguza madume. Kama lengo ni nyasi zipumue, kanuni hiyo haitakusaidia hata ikipandishwa hadi 15. Utakachopata ni madume 44 mwaka wa kwanza, kisha wachache zaidi, wengi wao vijana, huku majike wakiendelea kuongezeka.

Geuza sasa: kanuni iseme majike 10. Wale 135 wanakuwa 125, na mwakani wanaozaliwa ni wachache. Majike kumi wanashusha kundi kuliko madume kumi na watano. Kwa hiyo tangazo likisoma "mgawo umeongezwa", yaani idadi inayoruhusiwa kuwindwa, usifurahi wala usilie mpaka uone mstari wa jinsia.

Hatua ya nne: tazama waliotutangulia

Marekani wana ayala, mnyama wa umbo la swala mwenye pembe za matawi, yule tunayemsikia kanisani akiwa na kiu ya maji. Wa kwao anayewindwa zaidi ni ayala mkia mweupe. Kufikia mwaka 1900 walikuwa wamemalizwa, inakadiriwa hawakufika hata nusu milioni. Jimbo la Pennsylvania likatunga kanuni mwaka 1907: marufuku kupiga jike. Ilikuwa kanuni nzuri kwa wakati wake. Lakini watu wakaizoea, ikawa kama mila. Babu akamfundisha mjukuu kwamba mwanamume hapigi jike. Ayala wakazidi hadi wakatafuna miche ya msituni, miti mipya ikakosa kukua. Leo nchi nzima inakadiriwa kuwa na karibu milioni 30.

Mwaka 2002 Pennsylvania waligeuza mambo. Dume asipigwe mpaka pembe yake iwe na matawi matatu upande mmoja, na magharibi mwa jimbo manne, ili vijana wapate kukua. Wakati huohuo vibali vya majike vikatolewa kwa wingi. Wawindaji wengi walikasirika, maana walizoea kuona ayala kila wanapotoka. Ila ndivyo inavyokuwa kundi likipunguzwa kwa makusudi: unaona wachache.

Uskoti nao, Oktoba 2023, walifuta kipindi cha kufunga uwindaji wa madume, kwa sababu ayala wamewazidi na misitu haioti. Mimi hapo nina shaka kidogo. Kupiga dume mwaka mzima kunaongeza siku za kazi, lakini hesabu ya zizi ni ileile.

Hatua ya tano: rudi baada ya mwaka

Njia ileile, majira yaleyale, daftari lilelile. Angalia wadogo kwa kila majike 100. Wakishuka miaka miwili mfululizo, pelekea habari afisa wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, wa eneo lako kabla mgawo mpya haujapangwa.

Maswali ya wanakikundi

Mzee wa Lyantonde: Afande, swala pala wamemaliza nyasi zangu. Serikali si ilisema kuna fidia?

Pole sana, mzee wangu. Ni kweli sheria ya 2019 ilileta mfuko wa fidia, lakini ni kwa wanyama waliotajwa kwenye orodha yake, wale wa kuua na kuharibu kama tembo, simba na nyati. Iombe orodha ofisini uisome kabla hujaanza kuhesabu pesa. Kwa nyasi, njia yenye matumaini ni wenye ranchi kuungana na kuomba haki ya matumizi kwa pamoja, maana mgawo wa ranchi moja ni mdogo mno.

Kijana wa Mbarara: Kwa nini na sisi tusiweke kanuni ya matawi ya pembe?

Kwa sababu swala pala hana matawi, kijana. Ayala huangusha pembe kila mwaka na kuota mpya, ndiyo maana matawi yanahesabika. Swala pala pembe zake ni zilezile maisha yote, na akiwa na miaka mitatu hivi tayari zinafanana na za mzee ukizitazama kwa mbali. Kwetu ni afadhali kanuni itaje kundi: piga kapera, mwache mwenye himaya.

Mama wa Masindi: Huku kwetu ni kobu, swala yule wa kwenye nembo ya taifa. Hesabu ni hiyohiyo?

Hapana, mama, na umefanya vizuri kuuliza. Madume wa kobu hukusanyika kwenye uwanja mmoja, kila mmoja na kiduara chake, na majike huja hapo kuchagua. Wachache wa katikati ndio wanaopanda karibu majike wote. Mwindaji akisimama kwenye uwanja huo atapiga watatu kwa asubuhi moja, tena wale hasa wanaotakiwa. Kwenye karatasi ni madume watatu tu. Uwanjani ni vurugu. Kwa kobu ningeomba kanuni itaje mahali: uwanja wa kupandana usiguswe.

Mwanakikundi wa Kiruhura: Tusiwinde miezi ya kuzaa kama Ulaya?

Ulaya wana baridi, wanyama wao huzaa kwa msimu mmoja. Sisi tuko karibu na ikweta na mvua zetu ni mbili. Wadogo utawaona karibu mwaka mzima, ingawa mvua zikija huongezeka. Kufunga mwezi fulani kutamsaidia karani kuliko swala.

Kijana wa Mbarara tena: Na tukileta ayala huku, tufuge?

Hapana! Wana ugonjwa wa kukondesha, uligunduliwa Colorado mwaka 1967, hauna chanjo wala tiba. Kalusu, ule ugonjwa wa miguu na midomo, peke yake inatutosha, kila ikija masoko ya ng'ombe yanafungwa. Kamalize daftari lako kwanza, nimeona safu ya majike bado tupu.