Kukimbia nje wakati wa theluji: viatu, nguo na vifaa, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mkimbiaji aliyehamia mji kama Minneapolis, Marekani, ambako usiku wa Januari baridi hufika kwa wastani nyuzi 13 chini ya sifuri, na siku zikiwa mbaya hushuka hadi 25 na zaidi. Baridi ya alfajiri ya Iten au Makete haimwandai mtu kwa hali hiyo. Kule ukishatoka jasho shida imekwisha. Huku jasho ndilo linaloanzisha shida.

Kuna kanuni moja inayobeba nyingine zote: kazi yoyote inayohitaji vidole ifanyike ndani ya nyumba. Ukishafungua mlango, glavu haivuliwi. Kwenye nyuzi -15 penye upepo, kidole kilicho wazi hupoteza wepesi baada ya dakika chache, na kitufe cha saa unachokibonyeza sebuleni bila hata kukitazama kinakushinda kabisa. Vipimo vyote vya joto hapa ni vya Selsiasi.

Hatua ya 1: Soma hali ya hewa kwa namba tatu

Namba ya kwanza ni joto la saa utakayotoka, si la mchana. Ya pili ni kasi ya upepo. Ya tatu wengi huisahau: jana ilikuwaje? Kama jana theluji iliyeyuka na usiku ikaganda, barabara imefunikwa na barafu laini isiyoonekana, hata kama leo anga ni safi na jua linawaka.

Utelezi mbaya zaidi hauko kwenye baridi kali. Uko kati ya -2 na 2, kwa sababu juu ya barafu kunakuwa na utando mwembamba wa maji. Kwenye -15 theluji iliyokanyagwa hulia chini ya kiatu na hushika vizuri kuliko mgeni anavyotarajia. Angalia pia chumvi: ile ya kawaida inayomwagwa barabarani hupungua nguvu sana chini ya nyuzi -9 hivi. Baridi ikizidi hapo, usiiamini njia kwa kuwa tu umeona chembe nyeupe.

Kuhusu upepo, joto la -15 pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa huhisiwa kama -26. Baridi inayohisiwa ikifika -28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Hapo ama uso wote ufunikwe, ama ukimbie ndani, kwenye mashine ya kukimbilia. Mashine si aibu.

Hatua ya 2: Viatu ndivyo vya kulipiwa kwanza

Mwenye bajeti ndogo aanzie hapa, si kwenye saa. Saa ya bei mbaya haimzuii mtu kuvunjika kiwiko.

Kuna vifaa vya aina tatu vya kuvalisha juu ya kiatu. Vya waya wa springi vinafaa theluji iliyoshindiliwa, lakini kwenye barafu tupu vinateleza na waya hukatika mapema. Vya minyororo yenye meno ya karibu sentimita 1 vinashika barafu ya aina yoyote, ila ukikanyaga lami iliyosafishwa nyayo zitakuuma, kwa hiyo viwe vya njia za msituni na kandokando ya ziwa. Vyenye vichwa vidogo vya kabidi ya tungsteni, ambayo ni ngumu sana, ndivyo vya mjini, ambako hatua kumi ni lami na kumi zinazofuata ni barafu. Vyote vivae ukiwa ndani, ukianza na ncha ya kiatu kisha kisigino, maana mpira ukipoa unakaza na hauvutiki.

Njia ya nne ni rahisi, na kwa maoni yetu ndiyo bora kwa anayekimbia mara nne au tano kwa wiki: kutia skurubu kwenye kiatu kikuukuu.

Tafuta kiatu cha njia za porini chenye soli nene. Kisiwe na bamba la kaboni, wala vifuko vya hewa au jeli kwenye kisigino. Nunua skurubu za bati namba 8, urefu wa inchi 3/8 (milimita 9.5), zenye kichwa cha pembe sita chenye ukingo ulioinuka. Ukingo huo ndio unaouma barafu, kwa hiyo skurubu za kichwa bapa hazisaidii kitu. Kila kiatu kinahitaji 12 hadi 16.

Weka alama kwa kalamu kabla ya kutoboa: nne au tano kila upande wa mbele ya kiatu, na nne hadi sita kuzunguka kisigino, zote karibu na ukingo wa nje, kila moja katikati ya jino la mpira. Acha wazi sehemu ya kati, pale unapojisukumia mbele. Mguu hujikunja hapo kila hatua, na skurubu ya hapo ama italegea, ama utaisikia kwenye unyayo. Tumia drili kwa mwendo wa polepole, yenye kichwa cha soketi ya inchi 1/4, na usimame kichwa cha skurubu kinapolalia mpira. Ukikaza kupita hapo, povu la ndani linasagika, tundu linapanuka, na skurubu itadondoka siku ya pili. Mwisho toa soli ya ndani, upapase kwa dole gumba kutafuta ncha iliyopenya. Ikiwepo, ing'oe na uisogeze.

Onyo: skurubu zinateleza vibaya kwenye vigae na ngazi za zege. Ajali ya viatu hivi inaweza kutokea kwenye ukumbi wa jengo, si barabarani tu.

Usiviache viatu kwenye buti la gari usiku. Povu la soli (EVA) hukakamaa kwa baridi, na kilomita mbili za kwanza utahisi umevaa ubao.

Hatua ya 3: Nguo

Vaa kana kwamba nje kuna joto zaidi kwa nyuzi 10. Ukitoka mlangoni usijisikie vizuri. Ubaridi kidogo kwa dakika kumi za mwanzo ndio dalili kwamba umevaa sawasawa.

Pamba isiguse mwili, hata soksi, kwa kuwa hunywa jasho na kulishikilia. Kuanzia 0 hadi -8, fulana ya mikono mirefu ya sufi ya merino au poliesta, na juu yake koti jepesi la kuzuia upepo, vinatosha. Chini ya hapo ongeza tabaka la kati, na chini ya -15 suruali ya pili au yenye kitambaa cha kuzuia upepo mbele. Wanaume wavae chupi yenye kizuizi hicho hicho. Hili si la kuchekwa.

Mikononi, glavu za mfuko mmoja, ambamo vidole vinne hukaa pamoja, hushinda za vidole vitano kwa mbali. Chini ya -10 vaa zote mbili, nyembamba ndani na ya mfuko juu. Vifuko vya kupasha joto vya unga wa chuma hufanya kazi kwa kukutana na hewa, kwa hiyo vifungue dakika 15 hadi 20 kabla, kisha uviweke juu ya kiganja katikati ya glavu mbili. Ukivifungia mahali pasipopita hewa vinazimika.

Skafu ya mviringo ivutwe hadi puani ili hewa ya kwanza iingie na unyevu kidogo. Pumzi itaigandisha baada ya nusu saa. Izungushe upate upande mkavu. Mwenye pumu aongee na daktari kuhusu dawa ya kuvuta kabla ya msimu, maana hewa baridi na kavu hubana njia za hewa hata za wakimbiaji wazima.

Hatua ya 4: Saa na mapigo ya moyo

Kihisi cha mwanga kilicho mgongoni mwa saa husoma damu inayopita chini ya ngozi ya kifundo cha mkono. Kwenye baridi mwili hubana mishipa hiyo midogo ili kulinda joto la kiwiliwili, na kihisi kinabaki kinabahatisha. Mara nyingi kinachokamata ni mtikisiko wa mkono. Ukiona saa inasema 172 na wewe unaongea bila kuhema, hizo ni hatua zako kwa dakika, si moyo. Anayevaa saa juu ya mkono wa koti ili aione vizuri azime kihisi hicho kabisa.

Suluhisho ni mkanda wa kifuani. Lowesha sehemu zake mbili za kugusa ngozi kwa maji ya uvuguvugu au jeli ya vipimo vya moyo, uuvae chini ya fulana dakika tano kabla ya kutoka. Usipoloweshwa, robo saa ya mwanzo itakuwa na namba za ajabu, kwa sababu hewa ya baridi ni kavu na jasho linachelewa. Ukiona namba zinaruka hata baada ya kutoka jasho, shuku fulana pana ya poliesta inayopigapiga na kuzalisha umeme tuli, vaa inayobana. Asiyependa mkanda avae kihisi cha mkono wa juu, chini ya tabaka zote, ambako ngozi hubaki na joto.

Kisha, ukiwa bado ndani:

1. Unganisha saa na simu ili ipokee taarifa mpya za mahali setilaiti zilipo. Ukiruka hatua hii utasimama nje dakika tatu ukisubiri.
2. Funga skrini ya kugusa, ubaki na vitufe. Unyevu wa mkono wa koti hubonyeza skrini wenyewe.
3. Zima kipengele cha saa kujisimamisha yenyewe unaposimama.
4. Washa mtetemo kila kilomita 1. Utausikia bila kufunua mkono.
5. Kwenye ukurasa wa kwanza weka muda na mapigo ya moyo. Ondoa mwendo kwa kilomita, kwa sababu kwenye theluji utakudanganya.

Saa ikae chini ya mkono wa koti. Kitambaa hakizuii mawimbi ya setilaiti, na betri inapata joto la mwili.

Hatua ya 5: Simu, betri na taa

Simu inapozimika kwenye baridi ikiwa na chaji asilimia 30, haijaisha. Ndani ya betri ya lithiamu mwendo wa kemikali umepungua na ukinzani umepanda, hivyo simu inapodai umeme mwingi kwa ghafla, kama wa kamera, volteji inaporomoka na simu inajizima. Ikipata joto chaji inarudi. Hatari ya kweli ni kuichaji ikiwa chini ya sifuri: lithiamu hujibandika kama utando wa metali juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na uwezo unaopotea hapo haurudi.

Itie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, uiweke mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili. Plastiki inazuia jasho. Zima data lakini acha simu iweze kupiga, kisha uwashe kwenye mipangilio njia ya kupiga dharura kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara tano. Hiyo inawezekana hata ukiwa na glavu nene.

Desemba jua la Minneapolis huzama yapata saa kumi na nusu jioni na kuchomoza karibu saa mbili asubuhi, kwa hiyo taa si ya hiari. Lumeni 200 (lumeni ni kipimo cha mwanga) zinatosha mtaa wenye taa. Njia ya giza inahitaji 300 hadi 400. Kama taa inatumia betri za kubadilisha, chukua za lithiamu za volti 1.5, si alkali, ambazo hufifia upesi kwenye baridi. Na ifunge kiunoni au kifuani badala ya kichwani. Ya kichwani humulika mvuke wa pumzi yako, ukawa unatazama wingu jeupe, wakati ya chini hutupa vivuli vinavyoonyesha kila kijilima cha barafu. Nyuma weka taa nyekundu, na vitambaa vya kuakisi vifundoni mwa miguu na pia mabegani, kwa kuwa marundo ya theluji kwenye kona humficha mkimbiaji hadi kifuani.

Kwa mbio za chini ya saa moja acha maji nyumbani. Zaidi ya hapo, jaza chupa maji ya moto kiasi, iweke ndani ya koti mdomo ukiangalia chini: barafu huanzia juu, na mdomo utabaki wazi.

Hatua ya 6: Njia na mwendo

Anza kwa kuukabili upepo, urudi ukiwa nao mgongoni. Ukifanya kinyume utakuwa umelowa jasho wakati unageuka kuukabili. Mzunguko mfupi ni bora kuliko kwenda mbali na kurudi. Njia ya kuzunguka ziwa Bde Maka Ska la Minneapolis ina takribani kilomita 5, ingawa ziwa liko wazi na upande mmoja utakupiga tu.

Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya kiwiliwili. Juu ya barafu usifunge breki wala usikate kona. Pita moja kwa moja, ugeukie penye theluji.

Kidole au sikio lililokuwa linauma likinyamaza, rudi nyumbani. Kwenye ngozi nyeusi dalili haitakuwa wekundu wala weupe unaoonyeshwa kwenye picha nyingi, bali rangi ya kijivu au ya majivu, na ngozi kuwa ngumu. Usisugue. Ukishafika mahali ambapo haitaganda tena, itumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39. Malengelenge yakitokea, au hisia isiporudi, nenda hospitali.

Hatua ya 7: Ukirudi

Vua nguo zote zilizolowa ndani ya dakika kumi, kabla ya kupakia mbio zako mtandaoni. Simu iache ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa nusu saa, ili mvuke wa chumba ugeuke maji juu ya plastiki na si juu ya simu, ndipo uichaji. Mkanda wa kifuani suuza kwa maji matupu. Chumvi ya jasho ndiyo inayoua sehemu zake za kugusa.

Viatu vijaze magazeti, ubadilishe baada ya saa moja. Usiviweke juu ya kipasha joto, gundi itaachia. Vikikauka, geuza soli uhesabu skurubu: iliyodondoka rudishia milimita chache kando ya tundu la zamani, na iliyolika ukingo hadi ikawa laini, badilisha.