Kutengeneza Rangi ya Maji kwa Udongo wa Makorongo ya Kondoa

Katika vilima vya Kondoa, mkoani Dodoma, mvua imekuwa ikikokota udongo mwekundu kwa vizazi vingi, na makorongo yaliyobaki yalifikia hali mbaya kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliofahamika kwa kifupi kama HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi ili majani yapate kuota tena. Mimi huchora makorongo hayo kwa udongo uliotoka humo humo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuupata udongo huo, kuusafisha, kuugeuza rangi na kuuchorea.

Hatua ya kwanza: kuokota udongo. Usichimbe ukingo wa korongo hata kidogo, kwa sababu ukingo uliotobolewa ndio unaoanguka mvua inayofuata. Chukua udongo ambao maji yamekwisha kuubeba na kuuacha chini, hasa ule utando mwembamba unaokauka na kupasuka vipande kama vigae kandokando ya mto wa mchanga. Huo maji yamekwisha kuuchekecha kwa niaba yako. Vikombe viwili vya kila rangi vinatosha kwa picha nyingi. Weka udongo mwekundu, wa manjano na wa kahawia katika mifuko tofauti. Usiokote chochote kwenye mapango ya Kolo na maeneo jirani yenye michoro ya kale, ambayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Na ukienda kuitazama michoro hiyo, usiimwagie maji ili ionekane vizuri kwenye simu, kwani tabia hiyo imekwisha kuidhuru vya kutosha.

Hatua ya pili: kuosha. Hapa ndipo ubora wa rangi unapoamuliwa, nami nakushauri usiwe na haraka. Loweka udongo katika ndoo ya maji usiku kucha, kisha uvuruge kwa mkono mpaka usisikie bonge lolote. Acha utulie kwa muda wa kuhesabu polepole hadi thelathini: mchanga utazama, na tope laini litabaki likielea. Mimina tope hilo taratibu katika ndoo ya pili ukilipitisha kwenye kitambaa cha marekani, na usimame mara tu unapoona mchanga unaanza kufuata. Rudia mara tatu. Ndoo ya mwisho iachwe siku moja au mbili hadi maji ya juu yawe safi, uyamwage, kisha uanike tope kwenye sahani kivulini. Likikauka, lisage kwa jiwe la mto juu ya kioo kinene. Chukua chembe kidogo uziweke kati ya meno ya mbele: zikikwaruza, rudi kwenye ndoo. Unaposaga funika pua kwa kitambaa, kwa kuwa vumbi hili si zuri kwa mapafu.

Hatua ya tatu: moto. Udongo wa manjano unaweza kukupa rangi ya pili bila kurudi korongoni. Weka unga wake katika kaango kuukuu la chuma ambalo halitapikiwa tena, ulibandike juu ya jiko la mkaa na ukoroge. Joto hufukuza maji yaliyofungwa ndani ya madini ya chuma, na unga hupita katika rangi ya kahawia kabla ya kuwa mwekundu. Hii ni jamaa ya ngeu, ile rangi ambayo maseremala walipigia mstari kwenye mbao. Epua mapema ukitaka wekundu wa matofali. Uache zaidi ukitaka ulioiva.

Kwa rangi nyeusi, saga mkaa. Nyeupe huwa siitengenezi, naiachia karatasi.

Hatua ya nne: gundi. Ponda gundi ya mgunga, uiloweke katika maji ya moto, sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji, na uichuje ikiyeyuka yote. Ongeza asali kidogo, ili rangi isikauke ikapasuka, na matone machache ya mafuta ya karafuu ili isiote ukungu. Picha yangu ya kwanza kubwa niliichanganya bila asali, na siku ya maonyesho nusu ya mlima ilikuwa imebanduka na kulala chini ya fremu. Changanya unga na gundi kwa kiasi kinacholingana, ukisaga tena juu ya kioo mpaka upate uji mzito. Paka kidogo na usubiri ukauke. Vumbi likibaki kidoleni, gundi ni chache. Rangi iking'aa na kufanya nyufa, gundi imezidi.

Hatua ya tano: kuchora. Tumia karatasi nene ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Chora kwa penseli mstari wa vilima tu. Lowesha sehemu ya korongo, weka tone zito la rangi nyekundu juu, kisha uinamishe karatasi. Chembe nzito zitatua njiani na nyepesi zitateremka, zikiacha vijito vinavyogawanyika jinsi vinavyogawanyika kwenye mteremko wenyewe. Usivirekebishe kwa brashi. Vikikauka, ndipo uongeze kivuli cha mkaa upande mmoja wa ukingo na, ukipenda, mizizi ya mti iliyobaki ikining'inia.

Hatua ya sita: kutunza. Rangi itokanayo na madini ya chuma haipaushwi na jua. Michoro myekundu ya Kolo ni ushahidi tosha. Adui wa picha hii ni maji, kwa hiyo iwekwe nyuma ya kioo bila kukigusa. Nyuma ya karatasi andika kwa penseli korongo na mwezi ambao udongo uliokotwa. Rangi iliyosalia iache ikauke ndani ya kifuniko cha chupa. Siku utakapoihitaji, matone mawili ya maji yatailainisha.