Mpindue kwanza: namna ya kumweka papa au taa kwenye nasaba yake ukiwa dikoni

Wiki iliyopita mpwa wangu alinijia na kazi ya skuli: aende dikoni, boti zinakoshusha samaki, aandike samaki kumi wa gegedu (wenye mwili uliojengwa kwa gegedu badala ya mifupa), na kila mmoja amtaje oda yake, yaani kundi lake kubwa la kisayansi. Alirudi kutoka Malindi na papa wanane na taa wawili, wale samaki bapa. Nilipozitazama picha, watatu kati ya wale papa walikuwa taa. Kosa hilo nalijua, kwani nami liliniharibia kazi ya siku nzima nilipoanza kuandika samaki. Nimeona niyaweke haya kwa wengine pia.

Hatua ya 1: Wahi

Boti za jarife, nyavu za samaki wakubwa, hufika asubuhi mapema. Ukichelewa utakuta vichwa huku, mapezi kule. Mwombe ruhusa mwenye samaki, kisha bwana diko, msimamizi wa hapo. Chukua penseli, maana wino haustahimili maji ya samaki, na futi ya fundi cherahani. Programu za simu zinazotambua samaki kwa picha mimi sizitaki kwenye kazi hii. Zinafuata umbo, na umbo ndilo linalokosesha.

Hatua ya 2: Hakikisha ni wa gegedu

Samaki wa mifupa ana kifuniko juu ya matamvua, anayopumulia. Papa na taa hawana. Wana nyufa zilizo wazi, kwa kawaida tano kila upande.

Hatua ya 3: Mpindue

Hapa usifanye haraka. Nyufa za papa ziko ubavuni. Nyufa za taa ziko chini, upande ule ule wa mdomo. Hakuna alama inayoishinda hii, na samaki akiwa amelala kifudifudi huioni.

Anayewakosesha watu ni taa mmoja mwenye umbo la papa: kichwa bapa kilichochongoka kama kabari, mapezi mawili yamesimama mgongoni, mkia mnene. Dikoni petu huitwa papa na hunadiwa kama papa. Mmoja wa jamaa hao ni Rhynchobatus djiddensis, jina lililotokana na Jidda. Maelezo ya mtaalamu wa viumbe Peter Forsskål juu yake yalichapishwa 1775, miaka 12 baada ya mwenyewe kufia Yemeni.

Siku ile niliyokosea walishushwa wanne wa jamaa hao. Nikawaandika papa, na uzito wao nikaujumlisha humo humo. Saa nne baadaye mpasuaji mmoja alimgeuza mmoja ili atoe ini la kupikia sifa, yale mafuta ya ini, ndipo nikaziona nyufa tumboni. Nilikimbilia wale wengine, lakini walikwisha kuwa vipande, na vipande vyao vimechanganyika na vya papa. Ukurasa ule sikuweza kuutengeneza tena. Linaniuma hadi leo, kwa sababu mwaka 2019 karibu jamii yao yote iliwekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kila anayeandikwa papa amepotea kwenye hesabu ya watu wanaotaka kujua wamebaki wangapi.

Kuna mambo mengine ya kuangalia hapa hapa.

Yupo papa bapa kama taa, yule anayeitwa malaika. Nyufa zake zimejificha, basi tazama pezi la kifua: la papa huyu limeachana na kichwa, la taa limeungana nacho.

Halafu wenye msumeno. Papa upanga ni taa, nyufa ziko chini. Papa halisi mwenye msumeno ana nyufa ubavuni, na sharubu mbili zinaning'inia kwenye msumeno wenyewe. Mwaka 2020 wataalamu walieleza spishi mpya ya papa hao kutoka maji ya Zanzibar, Pliotrema annae, na huyo ana nyufa sita kila upande. Kwa hiyo idadi ya nyufa peke yake isikupe oda. Na lile tundu nyuma ya jicho usilihesabu. Ni njia ya maji, si ufa wa tamvua.

Hatua ya 4: Akiwa papa

Tazama mdomo. Wote uko mbele ya macho? Ni Orektolobifomi, oda ya potwe. Hauko hivyo, na ukilivuta kope la chini kwa ncha butu unaona utando wa kufunika jicho? Ni Karkarinifomi, aliko papa mbingusi na wengi wa papa utakaowakuta dikoni. Hana utando, mdomo umepita nyuma ya macho: Lamnifomi. Akiwa hana pezi la mkundu kabisa, yuko tawi jingine, la papa ambao wengi wao huishi kwenye kina.

Hatua ya 5: Akiwa taa

Mkia mwembamba, mara nyingi una mwiba: Miliobatifomi, yaani nyenga, pungu na jamaa zao. Mkia mnene wa papa: Rinopristifomi, yule wa kabari pamoja na papa upanga. Mwiba una sumu hata samaki akiwa amekufa. Ukichomwa, tumbukiza jeraha kwenye maji ya moto kadiri unavyostahimili bila kuungua, kisha nenda hospitali.

Hatua ya 6: Andika nasaba

Mpwa wangu aliandika kwamba papa ana gegedu kwa sababu ni wa kale, na mfupa ulikuja baadaye. Nimemfutisha. Mwaka 2020 ilielezwa mabaki ya samaki wa Mongolia, Minjinia turgenensis, wa miaka kama milioni 410 iliyopita. Ukoo wake ulijitenga kabla papa na samaki wa mifupa hawajaachana, na ndani ya fuvu lake mna mfupa. Inaelekea basi mababu wa papa walikuwa na mfupa, wakaupoteza.

Usiandike pia kuwa taa ni papa aliyebapaa. Zamani taa waliwekwa karibu na malaika na wenye msumeno kwa kufanana maumbo. Vinasaba vimeonyesha kwamba papa wote ni tawi moja na taa wote ni tawi la pili. Yule wa kabari hayuko katikati. Ni taa kamili. Tawi la tatu, Kimera, lilijitenga kabla ya hayo mawili. Wengi wao ni wa bahari ya kina, na matamvua yao yana tundu moja tu kila upande.

Hatua ya 7: Majina

Pembeni ya kila jina la kisayansi andika mwaka wa kitabu ulikolitoa. Jenasi Manta ya taa wakubwa, kwa mfano, iliunganishwa na Mobula mwaka 2018, na kitabu cha kabla ya hapo kitakupa jina la zamani.