Somo: Jinsi ya kutazama mashindano ya kimataifa ya kuruka viunzi kwa farasi, kwa sisi tulioko Tabora

Wengi wetu hapa Tabora tumekua tukimjua punda, wala si farasi. Kwa hiyo nilipoanza kuyafuatilia mashindano ya kuruka viunzi katika televisheni, niliyatazama kama mgeni yeyote anavyoyatazama: nilisubiri farasi aruke, akiruka vizuri nikafurahi, ufito, yaani mti mwembamba unaolazwa juu ya kiunzi, ukianguka nikasikitika, na sikujua hata kidogo kwa nini umeanguka. Ilinichukua misimu miwili kutambua kwamba macho yangu yalikuwa mahali pasipofaa. Ufito huwa umekwisha kupotea kabla farasi hajaufikia, katika zile hatua nne au tano za mwisho akiwa bado chini, na anayeitazama ardhi iliyo kati ya viunzi ndiye anayeuona mchezo. Nilifanya kazi ya kupima viwanja kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na huenda ndiyo sababu jambo hili lilinishika moyo nilipolielewa: mchezo huu ni mchezo wa kupima umbali, na anayeupima yuko mgongoni mwa mnyama anayekwenda shoti.

Kwanza: saa na umeme

Mashindano makubwa mengi yako Ulaya. Aachen nchini Ujerumani ni ya majira ya joto, 's-Hertogenbosch nchini Uholanzi huwa mwezi Machi, na Geneva nchini Uswisi huwa mwezi Desemba. Wakati wa kiangazi chao wenzetu hao wako nyuma yetu kwa saa moja, na wakati wa baridi kwa saa mbili, hivyo shindano linaloanza saa nane mchana kwao mwezi Julai litatufikia saa tisa alasiri. Calgary nchini Kanada, ambako mashindano ya Spruce Meadows hufanyika mwezi Septemba, wako nyuma yetu kwa saa tisa. Kinachoanza saa sita mchana kwao, sisi tunakitazama saa tatu usiku. Angalia ratiba ya king'amuzi chako siku moja kabla, weka umeme wa kutosha, na kama unatazama kwa simu, nunua bando litakaloruhusu picha iliyo safi, kwa sababu picha yenye ukungu huwezi kuihesabia hatua. Usitegemee kibanda umiza. Shindano kuu huwa Jumapili, na hakuna mwenye kibanda Isevya wala Kanyenye atakayeondoa mpira kwa ajili yako, wala si haki kumwomba afanye hivyo.

Pili: kanuni

Kanuni ni chache, na hutungwa na shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lililoanzishwa mwaka 1921 na lenye makao yake Lausanne, Uswisi. Ufito wa juu ukianguka ni alama 4 za adhabu. Farasi akigoma mbele ya kiunzi mara ya kwanza ni alama 4. Akigoma mara ya pili anatolewa. Farasi au mpandaji akianguka, wote wawili wametoka. Kuna muda uliowekwa, na anayeuzidi huongezewa adhabu. Mwenye alama chache zaidi ndiye aliye mbele, na asiye na alama hata moja tunasema amefanya raundi safi. Kuugusa ufito si kosa: hata ukitikisika na kucheza katika vishikizo vyake, maadamu haukuanguka, hakuna adhabu.

Tatu: fungua televisheni mapema

Kabla ya shindano wapandaji huruhusiwa kuingia uwanjani kwa miguu, bila farasi. Watu wengi hukipuuza kipindi hiki, nami ningekushauri ukitafute. Utawaona wanaume na wanawake waliovaa koti rasmi na buti ndefu wakitembea kutoka kiunzi hadi kiunzi kwa hatua za kulingana, midomo ikichezacheza, wakigeuka na kurudia. Wanahesabu. Kila hatua ya mpandaji ni kama sentimita 90, na hatua nne za namna hiyo ni sawa na hatua moja ya farasi anayekwenda shoti, yaani takribani mita 3.6. Wasipokionesha kipindi hiki, sikiliza mtangazaji wakati mpandaji wa kwanza anaingia, maana mara nyingi atataja umbali ulio mgumu ni upi. Kengele ikishalia, mpandaji ana sekunde 45 kabla saa yake haijaanza kuhesabu, na katika sekunde hizo hupenda kumpitisha farasi karibu na kiunzi kinachotisha ili akione.

Nne: hesabu hatua kwa sauti

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na ningependa ulisome taratibu. Farasi akivuka kiunzi hutumia takribani mita 1.8 kutua, na kabla ya kiunzi kinachofuata huhitaji mita 1.8 nyingine kunyanyukia. Ukiviunganisha vipande hivyo viwili, umepata hatua moja ambayo haihesabiki. Kwa hiyo viunzi viwili vilivyotengana kwa mita 18 vina hatua nne kati yake, mita 21.6 hatua tano, na mita 25.2 hatua sita. Kila farasi ana hatua yake, mmoja ndefu na mwingine fupi, lakini hesabu hii ndiyo mizani ya kuanzia.

Sasa fikiri mbunifu wa uwanja anaweka mita 23.4. Hiyo ni hatua tano na nusu, na farasi hana nusu hatua. Mpandaji anapaswa kuchagua. Akichagua tano, itambidi amnyooshe farasi mara tu anapotua, na farasi aliyenyooka hufika akiwa bapa, mwendo wake uko mbele kuliko juu. Kama kiunzi kinachofuata ni cha wima, miguu ya mbele huburuza ufito. Akichagua sita, itambidi amkusanye, amzuie kwa mgongo na hatamu bila kumkasirisha, naye hufika akiwa amejikunja kama anayetaka kuruka mtaro, ila amepoteza sehemu ya sekunde. Asiyeamua mapema ndiye anayepata hasara kubwa kuliko wote, kwa kuwa hufika karibu mno au mbali mno na farasi hujiamulia mwenyewe.

Anza kuhesabu miguu ya mbele inapogusa ardhi baada ya kiunzi: kutua, moja, mbili, tatu, nne, juu. Sema kwa sauti, hata kama watoto wanakutazama. Baada ya wapandaji watano au sita utajua kila njia ina hatua ngapi, na atakapoingia wa saba akafanya hatua moja pungufu, utajua kabla ya mtangazaji kwamba amejitia katika hatari. Siku hiyo utakuwa umeanza kuutazama mchezo huu kweli.

Tano: kukitambua kiunzi

Kiunzi cha wima ni safu moja ya fito, nacho huonekana rahisi wakati ndicho kinachoangushwa na farasi mwenye haraka. Kiunzi kipana kina safu mbili, hivyo farasi anahitaji kwenda juu na mbele kwa pamoja. Akinyanyukia mbali mno, ufito wa nyuma ndio unaoanguka, kwa miguu ya nyuma. Kuna ukuta, kuna vibao ambavyo hulala juu ya vishikizo bapa na huanguka kwa kuguswa kidogo tu, na kuna maji, ambapo kwato ikikanyaga ukingo au maji ni alama 4 vilevile. Kisha kuna viunzi vya pamoja, viwili au vitatu vilivyofuatana kwa hatua moja au mbili tu, ambavyo huhesabiwa kama kiunzi kimoja chenye sehemu. Katika mashindano ya juu urefu hufika mita 1.60, na katika Olimpiki mita 1.65. Simama kando ya mlango wa nyumba yako ukajipime.

Sita: raundi ya kuamua

Waliofanya raundi safi hurudi, idadi ya viunzi hupunguzwa, na sasa mwenye haraka miongoni mwa walio safi ndiye mshindi. Tazama kona. Muda haupatikani kwa kukimbia katika njia iliyonyooka bali kwa kugeuka ndani, mahali ambapo mwingine amezunguka kwa nje. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Ben Maher wa Uingereza na farasi Explosion W walimaliza kwa sekunde 37.85, Peder Fredricson wa Sweden na All In kwa sekunde 38.02. Wote wawili walikuwa safi. Sekunde 0.17 ndizo zilizotenganisha dhahabu na fedha, nazo ni ndogo kuliko hatua moja ya farasi. Paris mwaka 2024 mambo yalikuwa kinyume: watatu tu ndio waliofika raundi ya kuamua, na Christian Kukuk wa Ujerumani na Checker 47 wakachukua dhahabu kwa kuwa ndio pekee ambao hawakuangusha kitu. Katika uwanja wa Versailles, palipofanyika mashindano hayo ya Paris, usafi ndio ulioshinda, wakati Tokyo ilikuwa kona. Kabla raundi hii haijaanza, jiulize siku hiyo ni ya namna gani, kisha umtazame mpandaji wa kwanza analijibuje swali hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nzega: Shikamoo mwalimu. Nimeona farasi anaangusha ufito wa chini, ule wa juu ukabaki, na hakupewa adhabu. Je, waamuzi walikosea?

Marahaba. Hawakukosea. Fito zikiwa zimepangwa katika safu moja ya wima, kinachohesabiwa ni ufito wa juu tu. Vilevile katika kiunzi kipana, akiangusha wa mbele na wa nyuma kwa mruko mmoja, adhabu ni alama 4, si 8.

Mwanachama wa Urambo: Kwa nini farasi aliyefunzwa miaka yote hiyo anagoma mbele ya kitu alichokwisha kukiruka jana?

Mfikirie punda wa mkokoteni aliyepita barabara ileile kila siku, kisha mvua ikanyesha na dimbwi likatokea. Anasimama, na fimbo haimsaidii. Farasi ana asili hiyohiyo ya kutoamini kitu kipya kilicho chini au pembeni. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, hivyo anaona upana mkubwa, lakini mbele kabisa ya paji la uso wake kuna sehemu asiyoiona, na katika hatua za mwisho anakwenda kwa kumwamini aliye mgongoni. Huko Tokyo baadhi ya wapandaji walilalamika kwamba sanamu ya mcheza sumo iliyowekwa karibu na kiunzi kimoja iliwashtua farasi wao. Kugoma mara nyingi ni kosa la umbali: farasi ameona kwamba akinyanyukia hapo ataumia, akakataa. Rudi nyuma uhesabu hatua zilizotangulia, na mara nyingi utaona kwamba hakuwa mkaidi.

Mwanachama wa Tabora mjini, Cheyo: Mbona hatuoni nchi zetu za Afrika, na mbona huku kwetu farasi hawapo kabisa?

Afrika ipo. Abdelkebir Ouaddar wa Morocco alishiriki Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na Nayel Nassar wa Misri alifika fainali ya mpandaji mmoja mmoja huko Tokyo. Kwa upande wetu, sababu ya kwanza ni mbung'o. Misitu yetu ya miombo ndiyo makazi yake, naye hueneza nagana, ugonjwa unaoua farasi kwa haraka. Kuna pia ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ambao huzifanya nchi nyingine ziogope kupokea farasi kutoka bara hili bila karantini ndefu. Karantini si jambo dogo katika mchezo huu: mwaka 1956 Olimpiki ilikuwa Melbourne, lakini mashindano ya farasi yalifanyika Stockholm kwa sababu sheria za Australia hazikuruhusu farasi wa kigeni kuingia. Ni mwaka huohuo, hukohuko Stockholm, ambapo Pat Smythe wa Uingereza alipata shaba ya timu na kuwa mwanamke wa kwanza kushinda medali ya kuruka viunzi katika Olimpiki. Hadi leo wanawake na wanaume hushindana pamoja, kwa kanuni zilezile.

Mwanachama wa Igunga: Farasi haumizwi? Mke wangu anakataa kutazama kwa sababu hiyo.

Dada ana haki ya kuuliza, na tafadhali usimwambie kwamba hajui. Hadi mwaka 2025 kanuni zilisema farasi akionekana ana damu ubavuni iliyotokana na chuma cha kisigino cha mpandaji, mpandaji anaondolewa mashindanoni. Buti za farasi hukaguliwa, na vipimo vya dawa huchukuliwa. Yako makosa yanayotendeka hata hivyo, na mtazamaji anayejali anapaswa kuyaona: tazama mkia unaopigapiga bila kukoma, kinywa kilichoachama na kichwa kinachorushwa juu dhidi ya lijamu. Mpandaji aliye bora huwa mkono wake umetulia, na mimi huacha kumshabikia yeyote ambaye mkono wake hautulii, hata akishinda.

Mwanachama wa Sikonge: Mimi sijawahi kutazama hata mara moja. Nianze na raundi gani?

Tafuta mtandaoni raundi ya kuamua ya Tokyo. Mtazame Maher, kisha Fredricson. Mara ya kwanza tazama na sauti. Mara ya pili zima sauti, chukua karatasi, andika hatua za kila mmoja kati ya kila kiunzi na kiunzi, na uchore kila kona ulivyoiona ikikatwa. Sekunde 0.17 zimo humo ndani ya karatasi yako. Ukizipata, nieleze umeziona katika kona ipi, kwa sababu mimi na jirani yangu wa Ng'ambo bado hatujakubaliana.