Namna ya kumchukua mwanasarakasi wa angani kwa harusi au hafla yenu, Arusha na Moshi

Kamati za harusi na waandaaji wa hafla hunipigia wakiwa wameshaona video: binti amejizungushia kitambaa chekundu, kichwa chini miguu juu, wageni wameacha kula. Swali lao huwa ni bei. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: kitambaa chake kitafungwa wapi? Kazi yangu ni kuwapandisha watu hawa na kuwashusha salama, na nawaomba mfuate mpangilio huu kama ulivyo, kwa sababu anayening'inia juu ya meza zenu ni mtoto wa mtu.

Hatua ya 1: Kagueni paa kabla ya kumtafuta msanii

Kumbi nyingi za huku kwetu zina kenchi za mbao au za chuma chepesi, zilizopigiwa hesabu ya kubeba bati, dari ya jipsamu na upepo. Mtu anayeporomoka hakuwamo kwenye hesabu hiyo. Mwanasarakasi wa kilo 60 akitulia anavuta kilo 60. Akijiachia kutoka juu na kitambaa kikamdaka ghafla, mvuto unaweza kufika mara 3 hadi 5 ya uzito wake, pengine zaidi. Ndiyo maana simpandishi mtu mahali ambapo hapajathibitishwa kuhimili angalau tani 1.

Nani athibitishe? Si meneja wa ukumbi. Mmoja wa Moshi aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba boriti yake ni imara kwa kuwa imebeba taa kubwa ya mapambo kwa miaka. Taa imetulia, mwanasarakasi anabembea, anazunguka na kujiachia. Mtafuteni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, apande darini mwenyewe, aandike na kusaini. Malipo yake yaingie kwenye bajeti mapema, kabla ya mapambo.

Paa lisipofaa, ipo stendi ya chuma inayojitegemea. Inataka uwanja tambarare wa takribani mita 6 kwa 6, na juu pawe wazi. Hema la sherehe halifungiwi mtu, liwe kubwa namna gani. Miti nayo iacheni: migrevilea na miparachichi iliyojaa kwenye bustani za Njiro na uchaggani hukatika matawi bila kutoa ishara.

Pimeni na kimo. Kitambaa hutaka mita 5 au 6, duara la chuma la kuning'inia linaweza kutosha kwenye mita 4. Chini ya hapo mchukueni mcheza dansi wa jukwaani. Sisemi hivyo kama faraja: dansi iliyopata nafasi yake hushinda sarakasi iliyobanwa na dari.

Hatua ya 2: Mtafuteni msanii

Tanzania ina wanasarakasi wa ardhini hodari, wa piramidi na kuruka, na chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo hufundisha sanaa hizo. Wa angani ni wachache. Nairobi, Sarakasi Trust imefundisha wasanii wengi, na wengine huwa tayari kuja kupitia Namanga. Mkimleta msanii kutoka nje, kibali cha kufanya kazi na cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, vishughulikiwe wiki nyingi kabla. Msingoje wiki ya sherehe.

Ombeni video ya onyesho zima, isiyokatwakatwa, akiwa kwenye kifaa kilekile mnachokitaka. Kisha muulizeni mambo mawili: nani anamfungia vifaa vyake, na vifaa hivyo vilikaguliwa lini. Msanii wa kweli hujibu bila kusita, na karabina zake, yaani pete za chuma za kuunganishia vifaa, huwa na alama ya uwezo iliyochongwa kwenye chuma, mathalani 25 kN, yaani takribani tani 2 na nusu. Akisema atafunga kwa kamba ya kawaida ya dukani, mshukuruni, tafuteni mwingine.

Hatua ya 3: Andikeni mkataba

Bei ijumuishe fundi wa kufunga, nauli, malazi na mazoezi. Malipo ya awali ya nusu ni jambo la haki. Mlipaji akiwa kampuni, kodi ya zuio ya asilimia 5, inayokatwa kwenye malipo ya msanii mkazi, ielezwe mapema ili isimshtue usiku wa malipo.

Kifungu ninachokidai kila mara ni hiki: msanii na fundi wake ndio wenye kauli ya mwisho ya kupanda au kutopanda, na wakikataa kwa sababu ya usalama malipo hayapungui. Bila hicho, msanii mwenye kodi ya nyumba ya kulipa atapanda hata kwenye mvua, na kitambaa kilicholowa huteleza. Sherehe ya bustanini kati ya Machi na Mei iwe na mpango wa pili wa ndani.

Onyesho moja ni dakika 4 hadi 6. Mshereheshaji aambiwe hivyo mapema, asije akamwomba aongeze kidogo.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Fundi afike asubuhi, afunge, ajaribu kwa uzito, kabla wapambaji hawajatandaza meza. DJ apokee muziki na wafanye mazoezi pamoja. Juni na Julai jioni za Arusha ni baridi kali, kwa hiyo msanii apewe chumba cha kupashia viungo moto.

Halafu mambo matatu ya sherehe zetu. Fataki za baridi, zile za mapambo zinazorusha cheche, zikae mbali kabisa na kitambaa, maana nailoni huyeyuka. Kutunza kusubiri mpaka msanii ateremke: shangazi akija na noti zake chini ya mtu aliye hewani, wote wawili wamo hatarini. Wekeni kamba ya kuzuia mita 3 kuzunguka, na mtu wa kuwashika watoto. Tatu, umeme. Hata jenereta ikiwapo, huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na msanii gizani hajui sakafu iko wapi. Taa moja ya betri iwe inawaka muda wote wa onyesho, ikimulika godoro lililo chini yake.

Salio lipeni usiku huohuo, na mwekeeni sahani ya chakula. Wengi hawali kitu kizito kabla ya kupanda.